Kiunganishi Kinapogeuka Sifa: "Iffy" ya Kiingereza Mbele ya "Walakini" ya Kiswahili

1. Neno na swali lililolizaa

Mwanafunzi wa tafsiri anayekutana na kivumishi cha Kiingereza "iffy" katika tamthiliya, riwaya au habari ya gazeti aghalabu huishia kwenye kisawe kimoja: "-a shaka". Kisawe hicho si kosa. Shaka imo ndani ya neno, na msahihishaji mwenye rundo la karatasi mezani hatamnyima alama. Makala haya, hata hivyo, yanadai kwamba kisawe hicho kinafunika mambo mawili yasiyostahili kufunikwa. La kwanza ni kwamba "iffy" hubeba maana ambazo Kiswahili huzitenga waziwazi. La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni kwamba Kiswahili kimekwisha kupita njia inayofanana sana na ile iliyoizaa "iffy": kimekitwaa kiunganishi na kukifanya jina la sifa. Tunda la safari hiyo ni nomino "walakini", na ndilo mfasiri anayekimbilia "-a shaka" analoliacha mlangoni.

Umbo "iffy" limeundwa kwa "if", kiunganishi cha masharti, na kiambishi tamati "-y", ambacho Kiingereza hukitumia kuunda vivumishi kutokana na nomino ("rain" hutoa "rainy") na kutokana na vitenzi ("stick" hutoa "sticky"). Kiunganishi si malighafi ya kawaida ya kiambishi hicho. Kilichorahisisha kazi ni kwamba "if" ilikuwa imekwisha kuzoeleka kama nomino, kwa maana ya sharti au kisingizio, hasa katika misemo inayoiweka sambamba na "but", zote mbili zikiwa katika wingi. Kwa hiyo "iffy" haikuruka kutoka kiunganishi hadi kivumishi kwa hatua moja. Nyuma yake palikuwa na unomino. Hata tahajia ina lake la kusema: "f" imerudiwa, kwani bila hivyo neno lingefanana na kile kiambishi "-ify" kinachoundia vitenzi.

Neno ni la karne ya 20. Kamusi kubwa za Kiingereza huuweka ushahidi wake wa kwanza wa maandishi katika mwaka 1937, nchini Marekani. Yamkini lilikuwa likisemwa kabla ya hapo, kwani katikati ya miaka ya 1930 Malcolm Bingay, mhariri wa gazeti la Detroit Free Press, aliandika safu ya michezo kwa jina la kubuni la "Iffy the Dopester", yaani mtabiri wa matokeo anayeishi kwa "ikiwa". Jina la mtu si kivumishi, na haifai kulihesabu kama ushahidi kamili. Lakini linaonyesha kwamba umbo lenyewe halikuwa geni masikioni. Kwa upande wa Afrika Mashariki, kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Frederick Johnson, ambayo imekuwa nguzo ya leksikografia ya lugha hizi mbili, ilichapwa mwaka 1939. Mkusanyaji wa kamusi wa wakati ule hakuwa na sababu ya kulihangaikia neno changa la mazungumzo kutoka ng'ambo ya Atlantiki.

Aliyelipa neno hili hadhi ni Franklin D. Roosevelt. Tarehe 8 Machi 1933, siku 4 baada ya kuapishwa kuwa rais, aliwakusanya waandishi wa habari kwa mara ya kwanza akawaeleza masharti ya mikutano yao. Yako maswali, aliwaambia, ambayo hatayajibu, na miongoni mwayo ni maswali ya "if". Baadaye, katika mikutano hiyohiyo, swali la aina hiyo likawa kinywani mwake swali "iffy".

Inafaa kutazama kwa makini ni kitu gani hasa rais huyo alikuwa akikikataa. Hakusema kwamba swali ni baya, wala kwamba muulizaji ana hila, wala kwamba jibu lake lina mashaka. Alisema kwamba swali linaning'inia juu ya sharti ambalo bado halijatimia: nchi fulani ikifanya hivi, serikali itafanyaje? Sharti likitimia, swali linakuwa halali. Hii ndiyo maana ya kwanza ya "iffy", na ndani yake hakuna lawama hata chembe. Mfasiri akiandika kwamba Roosevelt aliliita swali la mwandishi "swali la shaka", atakuwa ameingiza tuhuma mahali ambapo msemaji alikuwa akikwepa tu, tena kwa bashasha. "Swali la ikiwa-ikiwa" lingekuwa karibu zaidi, hata kama masikio ya wasanifishaji yangelikataa.

2. Safari, maziwa na mfanyabiashara

Maana hiyo ya awali inahusu tukio. Mmarekani anayesema kwamba safari ya Jumamosi ni "iffy" anamaanisha kwamba huenda ikawapo na huenda isiwepo. Gari halijatengenezwa, ruhusa haijatoka, mvua inatishia. Safari yenyewe haina dosari.

Nchini Uingereza, katika nusu ya pili ya karne ya 20, neno lilichukua mkondo mwingine. Huko "iffy" ni maziwa yaliyokaa nje ya friji tangu asubuhi, mtaa ambao mtu hapendi kuupita usiku, gari la mtumba linalouzwa kwa bei ya kutupa, mfanyabiashara asiyetoa risiti. Hapa hakuna tukio linalosubiriwa. Maziwa ama yameharibika ama hayajaharibika, na ukweli huo umekwisha kuwapo ndani ya kikombe. Ila msemaji hajathubutu kuutamka. Sharti la wakati ujao limegeuka kuwa tuhuma ya wakati uliopo. Si bure kwamba katika matumizi haya neno hupenda kutanguliwa na kipunguzi chenye maana ya "kidogo": msemaji hutuhumu kwa sauti ya chini, ili akiulizwa apate pa kurudi. Maana ya Kimarekani haikufa kwa sababu hiyo. Siku hizi zote mbili hutumika pande zote za bahari, na msomaji huzitenga kwa muktadha. Matumizi ya tatu, yenye asili ya Marekani pia, huihamisha sifa kutoka kwenye kitu hadi kwa mtu mwenyewe: ni yeye anayesita juu ya jambo.

Kiswahili hakina neno moja linaloyakusanya yote haya, na hakuna ubaya. Safari "haijawa na uhakika". Hali ya hewa "haitabiriki" au ni "kigeugeu". Maziwa "yameanza kubadilika". Mtaa "si wa kuaminika". Mfanyabiashara ni "mbabaishaji", na yule asiyeamini kwamba fulani ni daktari atasema "eti daktari". Mtu mwenye kusita, "roho yake inasita". Orodha hii yafaa kuwekwa mbele ya wale wanaorudia dai la zamani kwamba Kiswahili, kwa kuwa na vivumishi halisi vichache, hakiwezi kuchora rangi za kati. Rangi za kati zimo, ila zimewekwa katika vitenzi, katika ukanushi na katika vijineno kama "eti", yaani mahali ambapo mtafutaji wa kivumishi hatazami.

Msamiati wa mitaani nao haumfai mfasiri hapa kama unavyodhaniwa. "Magumashi" na "kanyaboya", kwa mfano, ambayo hujitokeza katika tafsiri za vijana wa Tanzania, yanalingana na "iffy" kwa urasmi wake mdogo lakini si kwa uzito. Anayesema kwamba simu ni kanyaboya amekwisha kutoa hukumu. Anayesema kwamba ni "iffy" bado hajatoa.

3. Kiunganishi kilichobadili kazi

Ni katika pengo hili, kati ya sifa na hukumu, ambapo "walakini" inapatikana. Neno limetoka Kiarabu, likiwa na "wa", yaani "na", pamoja na "lakin". Katika Kiswahili cha maandishi cha zamani lilikuwa kiunganishi chenye nguvu. Msomaji wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 hukutana nalo likifungua sentensi mara nyingi. Katika nathari ya leo kazi hiyo imechukuliwa karibu yote na "lakini". Neno la zamani halikufa, bali lilipewa kazi nyingine. "Mkataba huu una walakini." "Kuna walakini kubwa katika hesabu zao." "Niliiona walakini yake tangu mwanzo." Linapatanishwa kama nomino ya kawaida ya ngeli ya I/ZI, linachukua kivumishi, linamilikiwa, na kamusi za Kiswahili huliweka pamoja na "kasoro" na "dosari". Silabi ya kwanza, ambayo katika Kiarabu ni kiungo tu, imekuwa kwa Kiswahili alama ya kutofautisha: "lakini" inaunganisha, "walakini" inataja.

Mfanano na "iffy" uko wazi. Lugha zote mbili zimechukua neno dogo la kuunganishia vishazi, zikalipitisha katika unomino, na kulifanya liseme kwamba jambo halijakamilika kuaminika. Kiingereza kilikwenda hatua moja zaidi hadi kivumishi kwa sababu kinacho kiambishi cha kufanyia hivyo. Kiswahili kilisimama kwenye nomino kwa sababu sifa zake nyingi husemwa kwa kumiliki: kitu "kina" walakini kama kilivyo na uzito au na harufu.

Tahadhari moja inahitajika. Baadhi ya watu huidhania nomino "ila", ile ya methali "kizuri hakikosi ila", kuwa ni mfano mwingine wa njia hiyohiyo, kwani "ila" ni kiunganishi pia, na maana inashawishi kweli. Lakini hapo yamekutana maneno mawili ya Kiarabu: "illa" ya kutoa kitu katika kundi, na "'illa" ya maradhi au dosari, iliyoanza kwa sauti ya "ain" ambayo Kiswahili kimeiacha. Umbo limeungana kwa ajali ya fonolojia. Kwa msemaji wa leo huenda tofauti hiyo haipo tena kichwani. Kwa mwanaisimu inabidi ibaki.

Ambapo mfanano unakoma ndipo penye faida zaidi. Kiingereza kilichukua "ikiwa", Kiswahili kikachukua "lakini", na viunganishi hivi viwili havifanyi kazi moja. "Lakini" hutanguliwa na kauli iliyokwisha kukubaliwa: nyumba ni nzuri, lakini. Anayesema kwamba nyumba ina walakini amekubali kwamba nyumba ipo, inauzwa, na pengine inapendeza. Ameibakiza kauli ya pili isiyotamkwa, na kumwachia msikilizaji aimalizie. "Ikiwa" haidai chochote kabla yake. Ndiyo maana "walakini" inaenea barabara juu ya maana ya Kiingereza, ile ya maziwa na mfanyabiashara, na kushindwa kabisa mbele ya ile ya Kimarekani. "Mkutano wa kesho una walakini" haimwambii Mswahili kwamba mkutano huenda usifanyike. Inamwambia kwamba utafanyika, na ajihadhari nao.

Kwa nini basi Kiswahili hakikuchukua "ikiwa"? Jibu la kimuundo liko karibu. Sharti la Kiswahili limo ndani ya kitenzi: "-ki-", "-nge-", "-ngali-". Vijineno vinavyosimama peke yake ama ni vitenzi vilivyoganda, kama "ikiwa" na "iwapo", ambavyo bado vinaonyesha viungo vyake, ama ni "kama", ambayo imeshikwa na kazi ya kulinganisha. Hapakuwa na neno huru la sharti la kubebeshwa mzigo wa nomino. Palipotokea haja, lugha ilikifanya kitenzi kizima kuwa jina: "ningalijua" ya methali, inayofika mwisho wa safari. Lakini hilo ni sharti linalotazama nyuma, la majuto, na si lile la Roosevelt linalotazama mbele.

La mbele limewekwa mahali pengine, na hapa pana jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Katika "inshallah" silabi ya kwanza ni "in", kiunganishi cha masharti cha Kiarabu: Mungu akipenda. Mzungumzaji wengi hawaisikii "ikiwa" hiyo, lakini matumizi yanaikumbuka. Fundi wa nguo anayejibu "kesho, inshallah" huku akitazama pembeni hajaahidi, na mteja anajua kwamba suruali yake haitakuwa tayari. Toni ndiyo inayoitenga "inshallah" ya dua na ile ya kukwepa. "Majaliwa" nayo, ambayo haihitaji dini moja, hufanya kazi jirani: "tutaonana majaliwa" inaliacha tukio likining'inia bila kulilaumu. Mfasiri wa mazungumzo ya Kimarekani anayetafuta wepesi wa "iffy" ya matukio ataupata katika maneno haya mapema kuliko katika "shaka", mradi awe mwangalifu asimtie mhusika imani ambayo hana.

4. Shaka kama istilahi

Ingewezekana kudhani kwamba haya ni mapambo ya semina. Lakini "shaka" si neno la kutumiwa ovyo, kwani limekwisha kupewa kazi mahsusi penye uhuru wa watu. Katika lugha ya sheria, upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa "pasipo kuacha shaka". Shaka hapo ni kipimo: ikiwapo kwa kiwango kinachokubalika kisheria, mshtakiwa anaachiwa. "Walakini" haina hadhi hiyo. Saini inaweza kuwa na walakini na bado hakimu asiwe na shaka kwamba ni ya mshtakiwa. Pengine mkono ulitetemeka, pengine wino ulikatika.

Nchini Tanzania jambo hili lina historia yake. Mahakama za mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini katika mahakama zilizo juu yake ilikuwa desturi kwa miongo mingi shahidi atoe ushahidi kwa Kiswahili na hakimu auandike kwa Kiingereza, akifasiri papo kwa papo, kalamu mkononi, bila kamusi. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ndiyo iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ikiruhusu Kiingereza pale haki inapohitaji hivyo.

Chukua mfano wa kubuni. Shahidi anasema: "Ile risiti niliiona ina walakini." Hakimu ana njia kadhaa. "Iffy" ingekaa vizuri, lakini rejesta ya mahakama hairuhusu neno la mazungumzo. Akiandika neno la Kiingereza la kasoro, atakuwa amemfanya shahidi adai kwamba aliona hitilafu katika karatasi, na wakili wa upande wa pili atamuuliza ni hitilafu ipi. Akiandika neno la shaka, atakuwa amehamisha jambo kutoka kwenye risiti hadi kwenye nafsi ya shahidi: sasa si risiti iliyo na tatizo bali shahidi asiye na uhakika, na ushahidi wake umepungua thamani. Shahidi hakusema lolote kati ya hayo mawili. Alisema kwamba risiti ilikubalika machoni, na kwamba nyuma yake palikuwa na "lakini" ambayo hakuwa na uwezo, au ujasiri, wa kuimalizia. Wakili hodari wa Kiswahili angemwuliza swali moja tu: "Lakini nini?"

Swali hilo linawezekana pale tu neno la shahidi limehifadhiwa. Kumbukumbu zinazoandikwa kwa Kiswahili zinaweza kulihifadhi. Hukumu za zamani, ambazo bado zinategemewa kama rejea na ambazo baadhi yake zitahitaji kutafsiriwa, haziwezi. Mfasiri wa hukumu hizo atalikuta neno la Kiingereza la shaka, ataandika "-a shaka" kwa uaminifu kamili, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba siku ile kizimbani lilisemwa "walakini".